Hadubini ya mkono mrefu kwa kazi ndogondogo: kasoro ni lenzi, stendi au mimi mwenyewe?

#1 FundiMchangani
Assalaam alaykum wanajukwaa. Mimi ni fundi wa simu na saa. Kibanda changu kiko Mchangani, lakini kazi nzito huifanyia nyumbani, chumba cha ghorofa ya pili katika nyumba ya zamani ya Mji Mkongwe. Kwa miaka mingi nimetumia kioo cha kukuzia cha kuvaa kichwani, na sasa bodi za simu zimenishinda, kwa sababu zina vipande vyenye urefu wa milimita 0.4 na upana wa milimita 0.2, na ukipiga chafya kimoja kimeshakwenda zake. Nimeazimwa hadubini ya macho mawili iliyofungwa kwenye mkono mrefu, ile inayoning'inia juu ya meza kutoka kwenye nguzo iliyo pembeni. Dakika kumi za mwanzo zilikuwa tamu. Baadaye picha ikawa inacheza kila nikigusa meza, na ilipofika nusu saa kichwa kikaniuma kama mtu aliyefunga bila kula daku. Nataka kununua yangu, ila sitaki kununua maradhi. Nitazame nini kwanza, lenzi au stendi? Na mtikisiko huo unatoka wapi?

#2 SonaraKiponda
Waalaykum salaam. Tazama stendi kwanza, fundi wangu. Mimi napachika vito kwenye pete na nimetumia vichwa vitatu tofauti vya hadubini, yaani ile sehemu yenye lenzi. Kichwa cha wastani juu ya stendi nzito kimenifaa kuliko kichwa kizuri juu ya stendi ya kutetereka. Mkono wa stendi niliyoanza nayo ulikuwa bomba jembamba lenye uwazi ndani, na nilipouvuta mpaka mwisho ulikuwa ukinesa kama bua la mtama. Mtikisiko wako ni mkono, na hilo silitilii shaka.

#3 Mkaidi_Kikwajuni
Kwa nini mtu ajipinde shingo kuchungulia darubini wakati zipo za kioo cha televisheni? Unaweka kamera juu, waya unakwenda kwenye skrini, unakaa wima kama hakimu. Hakuna kichwa kuuma.

#4 Maalim_Fizikia
Ndugu Mkaidi, darubini ni ya kutazamia mwezi mwandamo. Ya vitu vidogo ni hadubini.

Kuhusu #2, Sonara amesema kweli na hesabu iko upande wake. Mkono ulioshikwa upande mmoja na kubeba mzigo mwisho wake hupinda kwa kiasi kinachokua kwa kipeo cha tatu cha urefu. Ukiuvuta kutoka sentimita 30 hadi 60, kupinda huongezeka mara nane, si mara mbili kama wengi wanavyodhani. Unene nao husaidia kwa kipeo cha nne: fimbo ya chuma kilichojaa, isiyo na uwazi ndani, yenye kipenyo cha milimita 32 ni ngumu kupinda zaidi ya mara mbili na nusu ya ile ya milimita 25. Kisha kumbuka kwamba hadubini hukuza kitu na mtikisiko wake pamoja. Mkono ukicheza kwa sehemu moja ya kumi ya milimita, nawe unatazama kwa ukuzaji wa mara 20, jicho litaona kama umecheza milimita mbili, na hapo kipande chako cha 0.4 kinaruka kama panzi.

#5 Mkaidi_Kikwajuni
Kwetu hata mzee wetu aliyefanya kazi maabara akiita darubini. Lakini sawa, hadubini. Suala la skrini hamjalijibu.

#6 KaratasiKongwe
Nitalijibu mimi, kwa sababu nimeifanyia kazi hiyo ya skrini miezi minne. Kazi yangu ni kutengeneza vitabu na hati za zamani zilizoliwa na wadudu. Skrini inaonyesha picha bapa. Ukitaka kunyanyua kipande cha wino kilichobanduka ukirudishe mahali pake kwa brashi yenye unywele mmoja, ni lazima ujue ncha ya brashi iko juu ya karatasi kwa kiasi gani, na macho mawili ndiyo yanayokupa kina hicho. Kwenye skrini nilikuwa nikigusa kabla ya kujua kwamba nimegusa. Aidha, kamera yangu ilichelewa kidogo, mkono unakwenda na picha inafuata nyuma yake. Kwa kukagua tu na kupiga picha, skrini inafaa sana. Kwa kazi ya mkono, hapana.

Kwetu sisi mkono mrefu si anasa. Kitabu kikubwa kikifunguliwa hakiingii chini ya hadubini ya nguzo fupi, kwa sababu nguzo inazuia jalada. Ila mtu akifunga hadubini ya kilo kadhaa juu ya hati isiyo na nakala nyingine duniani, ahakikishe kuna pete ya chuma iliyokazwa kwenye nguzo chini ya kiungo cha mkono. Kiungo kikilegea, mkono unakaa juu ya pete badala ya kuteremka wote. Nimewahi kuona skrubu ikilegea yenyewe. Pete ilishika.

#7 Nahodha_Mstaafu
Nimesoma mpaka hapa na naona mnaeleza jahazi. Nguzo ni mlingoti, mkono ni foromali, na hadubini ndiyo tanga. Foromali ikizidi chombo, chombo kitalala.

#8 SonaraKiponda
Nahodha umenichekesha, lakini chombo changu kililala kweli. Stendi ile ya kwanza ilikuwa na kitako chepesi. Siku moja nikaugeuza mkono ubavuni ili nipishe taa, uzito ukatoka nje ya kitako, na foromali yako ikaangukia kikombe cha chai na bakuli la makombo ya dhahabu. Chai nilisamehe. Makombo nilikaa mpaka alasiri nikiyatafuta kwa sumaku, mpaka mke wangu akanikumbusha kwamba dhahabu haishikwi na sumaku.

#9 FundiMchangani
Ahsanteni nyote. Nimepima: mkono wa hii niliyoazimwa ni fimbo ya chuma kilichojaa ya milimita 25, nami nilikuwa nimeuvuta karibu sentimita 50. Nimeurudisha hadi 30. Mtikisiko umepungua, lakini bado upo, na ajabu yake ni kwamba upo hata nisipogusa meza. Unakuja na kuondoka.

#10 Mzee_Mbung'o
Mwanangu, usiulaumu mkono peke yake. Katika miaka ya 1990 nilikuwa miongoni mwa vijana waliokuwa wakipasua mbung'o chini ya hadubini, wakati wa kazi ile ya kuwamaliza Unguja kwa kuachia kutoka angani madume waliotiwa mionzi ili wawe tasa. Waliletwa kutoka Tanga kwa ndege, na mwaka 1997 kisiwa kikatangazwa kuwa hakina mbung'o tena. Hadubini zetu zilikuwa za nguzo fupi, imara kabisa, nazo zikitikisika. Tukabadilisha viti, tukabadilisha meza, na hatimaye tukajengewa benchi la matofali na saruji lililoegemea ukuta. Mtikisiko ukaisha. Wewe umesema uko ghorofa ya pili ya nyumba ya zamani. Sakafu yako imelala juu ya boriti za mikoko. Akipita mtu chumba cha pili, boriti zinanesa, meza inanesa, na stendi inanesa. Shuka chini.

#11 Mkaidi_Kikwajuni
Au azime pangaboi.

#12 Maalim_Fizikia
Mkaidi kasema neno moja la maana tangu uzi uanze. Pangaboi lisilo na mizani husukuma hewa na hutikisa dari, na mkono mrefu una mpigo wake wa asili kama uzi wa gambusi. Mipigo miwili ikikutana, mkono utacheza bila kuguswa na mtu. Hata hivyo siliondoi la Mzee.

#13 Muuguzi_Macho
Naomba nirudi kwenye kichwa kuuma, kwa sababu mmelisahau. Wateja wa namna hii huja kwetu wakidhani wanahitaji miwani mipya, na wengi wao hawajaiweka hadubini sawa na macho yao. Kwanza, vuta au sogeza mirija miwili mpaka duara mbili ziwe duara moja, kwa kuwa umbali baina ya mboni hutofautiana, na watu wazima wengi huwa kati ya milimita 55 na 75. Pili, kuza mpaka mwisho, lenga kitu bapa kwa gurudumu kuu hadi kiwe safi. Kisha rudisha ukuzaji hadi mwanzo bila kugusa gurudumu, na sasa tengeneza kila jicho peke yake kwa pete iliyo kwenye kioo cha jicho, jicho jingine likiwa limefumbwa. Rudia mara mbili. Ukimaliza, picha inabaki safi kila ukibadilisha ukuzaji, na misuli ya jicho haishindani. Kama unavaa miwani kwa ajili ya astigimatizimu (jicho lisilo na mviringo sawasawa) usiivue, kwa sababu pete ile hairekebishi hiyo. Tafuta vioo vya macho vinavyoruhusu jicho kukaa mbali kidogo.

#14 Fundi_Wete
Kuna sababu nyingine ya kichwa kuuma, nayo imenigharimu. Niliagiza hadubini kwa muuzaji wa mtandaoni, ikafika na boksi limebonyea kona moja. Kila nikitazama naona bodi mbili, moja juu ya nyingine kidogo. Ubongo unaziunganisha kwa nguvu, nawe unalipa kwa maumivu. Ndani prizimu, kile kipande cha kioo kinachogeuza njia ya mwanga, ilikuwa imehama. Muuzaji alinijibu kwamba nitazoea. Namna ya kupima ni hii: tazama nukta moja ndogo, kisha rudisha kichwa nyuma taratibu huku ukiwa bado unatazama. Nukta ikigawanyika mbili, moja juu na moja chini, usilipe.

#15 KaratasiKongwe
Na ya tatu: je, hiyo ya kuazima ina bomba la kamera juu? Zipo aina ambazo ukivuta kijiti cha pembeni, mwanga wa jicho moja unapelekwa kwenye kamera, na jicho hilo linabaki gizani. Mtu anafanya kazi kwa jicho moja bila kujua. Ukinunua yenye kamera, uliza kama macho yote mawili na kamera hufanya kazi kwa pamoja.

#16 FundiMchangani
Subhanallah. Kijiti kipo, na kilikuwa kimevutwa nusu. Nilidhani ni cha kubebea.

#17 Nahodha_Mstaafu
Cha kubebea!

#18 Bint_Fumba
Salaam. Mimi nachonga na kung'arisha makome ya chaza kwa ajili ya mapambo, na pale Fumba wako wanaofuga chaza wa lulu nusu. Nami natafuta ya mkono mrefu, kwa sababu kome na mashine ya kuchongea haviingii chini ya ile fupi. Maswali mawili. Nikifunga ile lenzi ya 0.5 chini, si nitapata ukuzaji zaidi? Na mng'aro wa lulu unanipofusha, taa ya duara inajichora juu yake kama mwezi.

#19 Fundi_Wete
Ndiyo dada, lenzi ya nyongeza huongeza.

#20 SonaraKiponda
Ndugu wa Wete, hapo umempoteza. Lenzi ya 0.5 hupunguza ukuzaji kwa nusu. Kichwa kinachokuza kutoka mara 7 hadi 45 kinakuwa cha mara 3.5 hadi 22.5. Unachopata badala yake ni nafasi. Vichwa vingi vya aina hiyo vinakuachia takribani milimita 100 baina ya lenzi na kazi, na ukifunga 0.5 unapata kama 165, hapo pasi ya kulehemu au kekee inapita bila kugonga kioo wala kukifukiza moshi. Upana wa eneo unaloona nao unaongezeka mara mbili. Mimi sijaitoa tangu nilipoifunga. Mtu asidanganywe na tangazo la mara 90 au 180, kwa sababu kupachika vito nafanya kati ya mara 8 na 15, na lenzi ya 2.0 wanayoitia kwenye boksi kama zawadi inakuachia nafasi ya vidole viwili tu, mkono wenyewe hauingii.

Mng'aro: kata kopo jeupe la aiskrimu, tengeneza duara, lifunge chini ya taa. Mwanga unatawanyika. Au acha taa ya duara kabisa, tumia taa mbili zenye shingo ya kupinda, moja chini sana ubavuni. Mikwaruzo ya dhahabu haionekani kwa mwanga wa juu, lakini kwa mwanga wa ubavuni inasimama kama matuta ya viazi.

#21 Fundi_Wete
Nimekosea na nimekubali. Nilichanganya na 2.0.

#22 Chake_Maabara
Nimefuata uzi kimya, ila naona kila mtu anaelekezwa kwenye mkono mrefu. Si kila kazi. Huku Pemba tunatazama konokono wa maji baridi wanaobeba kichocho. Unamweka konokono kwenye maji, unampa mwanga, na kama ameambukizwa anaachia vijidudu ambavyo kila kimoja hakifiki milimita moja, vinaogelea kwa kujipinda mkia. Kwa hilo unahitaji mwanga unaotoka chini kupitia kioo, na stendi ya mkono haina mwanga huo. Mwenye kazi za aina mbili anunue kichwa kimoja na stendi mbili. Pete ya kichwa mara nyingi ni ya milimita 76, na kichwa kinatoka hapa na kuingia pale kwa skrubu moja. Upime kabla ya kununua, kwani si zote.

#23 Mkaidi_Kikwajuni
Kuhusu chapa hamjasema. Mimi nasikia Wajerumani ndio waliobuni zote, hizi za mara 7 hadi 45 ni kuiga tu.

#24 Maalim_Fizikia
Nusu kweli. Muundo wa mirija miwili iliyoinamiana, kila mmoja na lenzi yake, ulipendekezwa na Mmarekani Horatio Greenough na kutengenezwa na kampuni ya Zeiss ya Ujerumani katika miaka ya 1890. Muundo wa pili, wenye lenzi moja kubwa inayotumiwa na macho yote mawili, ulitolewa na American Optical ya Marekani mwaka 1957 kwa jina la Cycloptic. Ukuzaji wa kuzungusha bila kuruka hatua ulikuja na StereoZoom ya Bausch & Lomb mwaka 1959, nao ni Wamarekani.

Hilo linamgusa Fundi kwa njia hii: karibu vyote vya bei nafuu ni vya muundo wa Greenough, navyo ni vyepesi, kwa hiyo vinaufaa mkono mrefu. Vya lenzi moja hupokea vifaa vingi zaidi vya kuongeza, lakini ni vizito na ghali, na foromali italalamika.

#25 SonaraKiponda
Mimi ningemwambia atafute cha zamani cha kampuni kubwa, kioo chake hakina mfano.

#26 KaratasiKongwe
Hapo tutatofautiana. Cha zamani kilichokaa kisiwani kikague kwa tochi kabla ya kutoa shilingi moja. Unyevu wetu wa masika huotesha kuvu ndani ya lenzi, nyuzinyuzi kama utando wa buibui, na ikikaa muda inakula utandazo wa kioo, ukisafisha alama inabaki. Yangu naifunika mfuko kila jioni na ndani naweka vifuko vya silika vinavyobadilika rangi vikishiba maji, kisha navikausha kwenye oveni kwa moto mdogo.

#27 Fundi_Wete
Mimi naweka karafuu. Tangu niweke sijaona kuvu.

#28 Chake_Maabara
Jirani yangu, mafuta ya karafuu huzuia kuvu, hilo linajulikana. Lakini mafuta hayo hayo hupaa na kutua juu ya kioo. Utakuwa na hadubini isiyo na kuvu na yenye ukungu wa mafuta.

#29 Fundi_Wete
Yenye kunukia vizuri.

#30 Mzee_Mbung'o
Sisi tuliweka balbu ndogo inayowaka ndani ya kabati usiku kucha. Joto kidogo, unyevu unatoka. Umeme ulipokatika Unguja kwa takribani miezi mitatu, kuanzia Disemba 2009, nilipita kuwasalimu vijana waliobaki nikakuta lenzi mbili zimeshaota.

#31 FundiMchangani
Nimefanya majaribio siku tatu, naleta ripoti. Nimeweka sahani ya maji juu ya meza na kutazama taa ikijiakisi ndani yake. Pangaboi likizimwa, maji yanatulia kwa kiasi kikubwa, ila si kabisa. Mama akipita ukumbini na ndoo, yanacheza hata pangaboi likiwa limezimwa. Nikahamia kibandani, sakafu ya saruji, mkono wa sentimita 30: picha ilitulia kama picha ya ukutani mpaka lilipopita lori la mchanga. Kichwa sasa kinaanza kuuma baada ya saa moja na nusu, badala ya nusu saa, lakini nilisukuma kijiti cha kamera na kuweka pete za macho siku hiyohiyo, kwa hiyo siwezi kusema ni kipi kimesaidia.

#32 Maalim_Fizikia
Kwa hiyo ni pangaboi.

#33 Mzee_Mbung'o
Ni boriti. Soma tena hapo kwenye ndoo.

#34 Muuguzi_Macho
Na saa moja na nusu bila kupumzika ingemuumiza kichwa hata mwenye hadubini ya dhahabu. Inuka kila dakika ishirini utazame mbali, na upandishe kiti. Mkono mrefu huinua vioo vya macho juu kuliko stendi fupi, na kama kiti ni kilekile, shingo yako imenyooshwa kama ya korongo.

#35 FundiMchangani
Kiti ni kilekile, kweli. Nimeamua kichwa cha Greenough cha mara 7 hadi 45, lenzi ya 0.5, mkono wa chuma kilichojaa usiozidi sentimita 40. Kitako sitaagiza, usafiri wake unazidi bei yake. Nitatafuta bamba la chuma kwa mchomeleaji, kilo kumi na tano hivi, na pete ya KaratasiKongwe nitaiweka. Bado naamini kuna kitu ndani ya kiungo cha mkono chenyewe, kwani nikikaza skrubu kwa koleo kunatulia kidogo.

#36 SonaraKiponda
Si nilisema tangu #2.

#37 Bint_Fumba
Mwenye lenzi ya 0.5 asiyoitumia naomba tuwasiliane. Nitajuaje kama itaingia kwenye kichwa changu?

#38 Chake_Maabara
Pima kipenyo cha nyuzi za skrubu chini ya kichwa kwa rula. Nyingi ni milimita 48. Usiikaze kwa nguvu mara ya kwanza, zungusha kinyume mpaka usikie nyuzi zimekaa, ndipo uanze.

#39 Nahodha_Mstaafu
Na ukiipata, uje utueleze lulu ya Fumba inafananaje kwa mara 22.